Maji ya Upande wa Kulia

Kaileta mwenyewe, mtoto wa mgonjwa,
chupa ndani ya koti kama kifaranga,
Moshi ya Julai, saa moja asubuhi.
"Dada, si ni maji tu? Mtayamwaga?"

Hatuyamwagi.
Ndekirwa Makyao, miaka sitini na mbili,
mililita hamsini, upande wa kulia.
Rangi: chai ya rangi iliyopoa.
Ukungu kidogo. Harufu hakuna.
Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko mbaya,
daktari hulalamika kila wiki.

Kwetu Uru zamu yetu ya mfongo ilikuwa Jumanne.
Maji yakikutwa migombani Alhamisi
baba hakuuliza yamefikaje.
Alichota kiganjani, akayatazama.
Meupe? Basi mfereji umefurika huko juu,
ukingo mzima, tatizo liko mbali.
Yana udongo?
Akachukua jembe. Ukingo umeliwa mahali.

Nami ndiyo kazi yangu, ila udongo wangu unaitwa protini.
Maji mepesi: moyo umechoka kusukuma,
au ini, au figo.
Maji mazito: ngozi ya pafu yenyewe inaumwa.
Nagawanya protini ya maji kwa ya damu.
Sifuri nukta saba.
Imepita nusu.

Umeliwa. Na nani?

Mashine inazungusha, inaguna, inanyamaza.
Chini kumebaki vumbi la seli.
Nalipaka kwenye kioo, nalitia rangi,
nainama kwenye hadubini:
limfosaiti, limfosaiti, limfosaiti,
kama msiba uliohudhuriwa na ukoo mmoja.

Kioo cha pili, rangi nyekundu, kutafuta kifua kikuu.
Nahesabu uwanja kwa uwanja hadi mia tatu.
Shingo inauma.
Sioni hata mmoja.

Hapa ndipo kalamu husita.
Nikiandika "hakuna", wodini watasoma "hana".
Wadudu hawa hupenda ukutani kuliko majini,
mtu anaweza kuwa nao na maji yake yakaapa vinginevyo.
Naandika: hawakuonekana.
Chini yake, kimeng'enya: sitini na nane, kiko juu.
Naongeza, kwa mwandiko wangu bora kabisa:
nimeotesha, wiki sita;
yaliyobaki nimempa Mama Foya
atazame kama kuna seli za saratani.

Kijana bado yuko kwenye benchi la nje.
"Yatajaa tena?"
Jibu si langu kulitoa.
Lakini namjua mtu aliyepanda mlima usiku
na jembe begani, bila taa,
kwa sababu ya tope la kiganja kimoja.

"Majibu saa nane," namwambia.
"Nenda kwanza kanywe chai."
Analitazama koti lake, pale chupa ilipokuwa.
"Ya maziwa," anasema.