Kura Iliyoharibika

Alhamisi tulifungwa kwa tofauti ya pointi ishirini na nne,
na thelathini na moja kati ya zile zilizotuzika
alizitia mtu mmoja, Yaarubu wa Sohar,
huku akimzomea mwamuzi, akiwazomea wenzake,
akimzomea hata kijana anayepangusa jasho sakafuni.

Jumamosi Sohar wakapiga simu: mchukueni.
Tumechoka naye. Tupeni Mundhiri
na mmoja mwingine, tutamchagua wenyewe.

Basi tumekaa, watu saba, barazani kwa Nabhani,
Mabela, nyuma ya duka la matairi.
Kiyoyozi kinakohoa, chai ya karaki inafanya utando,
na kila mmoja kaja na methali yake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, anasema mweka hazina.
Samaki mmoja akioza, anajibu kocha, wala hamalizii;
sote tunajua mtungo unavyonuka.
Ukipenda boga, anaanza Ghasani,
na Bi Zuwena, anayetufulia jezi tangu zilipokuwa za pamba, anamkata:
Boga hilo limeshapikwa majiko matatu,
na mara zote tatu limeunguza sufuria.
Methali zinagongana hewani. Hakuna inayoingia kikapuni.

Mimi nimenyamaza. Mimi ndiye mgawa mipira.
Akija, ni mikono yangu itakayomlisha,
ni masikio yangu yatakayolipia kila pasi iliyochelewa.
Na nina miaka thelathini na nne, na goti linalolia nikipanda ngazi,
na sijapata kushika kombe lolote
ila lile la kampuni ya maziwa,
ambalo kishikio chake kilikatikia garini kabla hatujafika nyumbani.

Siwaambii kwamba jana nilikwenda Sohar.
Kazini nilisema naumwa jino.
Nikapita Barka, Suwaiki, Saham,
joto likicheza juu ya lami kama maji ya uongo,
nikaingia ukumbini kwao kwa mlango wa wafagiaji.
Alikuwa peke yake.
Anatupa, anaukimbilia, anatupa.
Akikosa, anajitukana:
matusi yale yale, neno kwa neno,
aliyomvurumishia Alhamisi mwenzake wa kushoto.
Nilihesabu mitupo mia mbili na kumi.
Kisha akakaa chini ya kikapu, akavua kiatu kimoja,
akakitazama kama mtu anayesoma barua ya deni.
Sikumsalimu. Ningemwambia nini?

Wala siwaambii habari za Mundhiri,
kwa sababu wanazijua, na ndiyo maana hawazioni:
kwamba hufika kabla taa hazijawashwa,
kwamba mechi nzima hufunga pointi nne, akijitahidi sana sita,
lakini nikianguka, mkono wa kwanza ninaouona ni wake,
una kovu la moto, maana kwao huoka mikate ya ufuta ya kuuza.
Katika karatasi ya takwimu
hakuna safu ya mkono huo.

Mweka hazina anagawa vikaratasi. Ndiyo au hapana.
Nawaza kabati la kioo la Nabhani,
lililonunuliwa kwa ajili ya makombe, sasa limejaa chaja za simu.
Nawaza chumba cha kubadilishia nguo,
kicheko kinavyokatika mtu fulani akiingia.
Nawaza, Mola anisamehe, huyo mmoja mwingine ni nani,
na kama Sohar wana daktari mzuri wa magoti.

Ndiyo, tatu, anasoma katibu. Hapana, tatu.
Anakikunjua cha mwisho, anakigeuza, anakiinua kwenye taa.
Hii imeharibika. Mtu kaandika jina tu.
Jina la nani? anauliza kocha.
Katibu anakikunja tena. Kura ni siri, bwana.
Bi Zuwena ananitazama, kisha anaitazama kalamu yangu.

Mfukoni simu inatetemeka. Mundhiri:
Kesho mazoezi saa ngapi? Nije na mikate?
Naandika, saa moja.
Nafuta.
Naandika tena, saa moja.