Kilo Arobaini

Watu huuliza: lori lina uzito gani?
kama wanaouliza bei ya chumvi.
Mimi Rauni, mpimaji wa zamu ya usiku
kiwanda cha karatasi, kaskazini mwa Finlandi,
huwajibu: lipi, lini, limetoka wapi?

Hati inasema tani ishirini na tatu na ushei.
Hati iliandikwa mahali pakavu,
tangi tupu, usukani hauna mtu.
Tangu hapo halijarudi kuwa lile.

Chukua la Urpo, ekseli tisa pamoja na trela.
Januari huja na theluji iliyoganda tumboni,
kilo mia tatu, mia nne,
abiria asiyelipa nauli toka msituni.
Aprili ni matope.
Akijaza dizeli, ameongeza ng'ombe mnono.
Tairi zikilika, hupungua kidogo kidogo, kama sabuni.
Na magogo yenyewe! Msonobari wa jana
umelewa maji hadi kwenye kiini;
uliolala tangu kiangazi ni mwepesi,
na ni mti uleule.
Sheria inataka jumla isipite sabini na sita.
Sheria hainyeshewi.

Basi tunapima likija, tunapima likirudi,
natoa hili kwa lile, kinachobaki ndicho ujira wake.
Na kila mwanzo wa mwezi
huoshwa kwa maji moto, hujazwa pomoni,
dereva hushuka, nalipima peke yake.
23,480. Naijua kama namba ya nyumba yetu.

Machi ikasoma 23,440.

Nikalizunguka na kurunzi.
Minyororo ipo. Gurudumu la akiba lipo.
Nikapima tena.
"Urpo, kuna kitu umekitoa."
Akatazama buti zake.
"Kiti," akasema. "Cha upande wa pili."

Miaka kumi na tisa Sisko alikaa pale akifuma soksi,
akipita hunipungia kwa sindano.
Tulimzika Februari; ardhi ilikuwa chuma,
ikabidi waipashe moto siku mbili.

Nikaandika namba mpya kwa mwandiko nadhifu.
Nilipoinua macho, juu ya dashibodi
niliona soksi moja ya kijivu,
haijafika kisigino, sindano zingalimo.

Mizani yetu husoma kwa ishirini ishirini.
Chini ya hapo haioni kitu.

Nikampa karatasi, akatia saini.
Nyuma yake Veikko alikuwa ameshaanza kupiga honi.