Bwana Friji

Mia tano kwa nusu saa. Viatu nje.
Kuta rangi ya samli, feni ina pangaboi moja bovu,
na huyu hapa, mlango wa tatu wa ngome:
joho la zambarau, uso hana, macho mawili tu
kama taa za pikipiki kwenye ukungu wa Lushoto.
Watoto wamemwita Bwana Friji.

Akiinua fimbo, theluji inashuka Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Mbili,
ambako barafu tunaijua ya ubuyu,
ile ya Mama Mwanaidi, unaitoboa pembe kwa jino.

Kidawa, darasa la tano, haogopi.
"Anavuta pumzi kwanza. Hesabu: moja, mbi...
hapohapo mkate mbavu!"
Shekue anabisha: mpeleke kwenye moto, ayeyuke.
Mgeni wa Dar, aliyeingia kuchaji simu, anauliza,
"Na huyu mchawi naye katoka Tanga?"
Tunacheka kidogo,
kama mtu anayelipa deni la zamani.

Nimemwona akifa mara elfu. Anaanguka vilevile:
goti la kushoto, fimbo, kofia.
Anaacha sarafu saba na chupa ya dawa.
Aliyemuua hageuki, keshapita.
Nusu dakika, yuko mlangoni tena,
hana kinyongo na mtu.

Juzi hakufa kwa upanga. Luku iliisha.
Gizani Kidawa akalia, "Lilibaki pigo moja!"
nami nikamrudishia mia mbili yake.

Usiku, nimeshafagia, nimehesabu padi zote,
nikaingia mwenyewe. Sikuchomoa upanga.
Nikasimama pale duara lake jekundu lisipofika.
Kumbe asiposogelewa hana ugomvi.
Hatua sita kwenda, hatua sita kurudi,
halafu anaegemeza fimbo ukutani
anapuliza vidole.
Anapuliza vidole! Mchawi wa baridi
naye anasikia baridi.
Aliyemchora alilikumbuka hilo,
akasahau kumpa kiti.

Nyuma ya mlango wake hamna hazina, nilishapita:
ngazi tu, zinapanda kwa bosi wake.
Wangu anakaa Chumbageni,
huja Ijumaa baada ya swala kuchukua hesabu,
hajawahi kuuliza kama nimekula.

Nikazima taa, televisheni nikaiacha.
Kwenye Luku zilibaki yuniti tatu.
Atembee.