Guni

Makoti yao yananuka dizeli na mvua ya Hull.
Nayapokea mia mbili kwa usiku, nayapa namba,
na muziki naujua kwa nyayo, kupitia ukuta.

Mara ya kwanza walikuwa wanne.
Walishuka kwenye gari dogo lenye namba za Uswidi,
nywele hadi kiunoni, spika wakizipandisha ngazi wenyewe.
Grankåda: utomvu wa msonobari, alinifafanulia Sixten
huku akinipa koti lililokosa kifungo.
Hawakuimba. Torkel alinguruma
kama mtu anayetapika changarawe,
na Ylva alipiga ngoma kwa kasi ya cherehani
iliyopandwa na pepo.
Hanga za waya zilianguka zenyewe.
Vijana wa bandarini walitoka na damu puani, wanacheka,
wakanishukuru kwa adabu. Usiku mwema, mama.

Mwaka elfu mbili na tisa walirudi, sita.
Ragnhild kashika kitu mfano wa fidla
iliyozaa na kinanda: vibonyezo ubavuni,
na nyuzi za chini zisizoguswa kamwe,
zinazolia kwa kuwa jirani zao wamelia.
Nikaacha dirisha langu. Nikasimama mlangoni
na kibao namba sitini na moja mkononi.
Uchungu ule niliujua. Ni ule wa kanuni,
mwimbaji wa taarabu anavuta neno moja tu
mpaka watu wanainuka kwenda kumtunza.
Nilitaka kupanda jukwaani na noti ya pauni tano.
Sikwenda. Nilikuwa kazini.

Mara ya tatu, tarumbeta. Torkel kanyoa.
Anaimba! Sauti nyembamba ya mtu aliyetoka kuzika,
na chini yake mdundo wa disko,
haki ya Mungu, disko.
Nusu ya ukumbi ilinijia kabla ya saa nne
kudai makoti. Wasaliti, alisema Gledhill,
mwenye jina la bendi mgongoni, kwa wino usiofutika.
Hiki si chuma. Hiki ni nini?
Nikampa koti lake. Kwa Kiingereza sikuwa na jibu.

Kwa Kiswahili nilikuwa nalo, nalo ni la mama.
Mama alisahihisha mashairi ya wasikilizaji, redioni, Tanga,
kwa kalamu nyekundu na vidole:
nane, pumzi, nane.
Shairi langu la kwanza nililompelekea
alilikunja mara nne
akaliweka chini ya mguu mfupi wa meza.
Guni, alisema. Basi.

Mama, niliyahesabu, nane kwa nane kamili,
nikazishika adabu, vina vyangu vya asili,
lakini penye ghadhabu, au penzi la ukweli,
neno huwa la ajabu, halikai
linapoambiwa likae, linaondoka na viatu vya wageni.

Juzi walikuja tena, wanane, wenye mvi.
Gledhill naye, na binti yake,
masikio ya mtoto yamefunikwa vikombe vya rangi ya waridi.
Hakusema kitu. Alinipa makoti mawili.
Tarumbeta ilikuwepo, fidla ile ilikuwepo,
na katikati ya wimbo mpole kama uji
Torkel akanguruma neno moja, moja tu,
la zamani, na ukumbi mzima ukapigwa na baridi.

Nikampigia mama. Kwao saa saba usiku, siku hizi halali.
Sikusalimu. Nilielekeza simu ukutani.
Kimya. Kisha nikamsikia
anahesabu kwa mnong'ono.
Saba, alisema. Saba, halafu tano. Saba tena.
Wanakosea?

Mtu alikuwa anagonga dirisha, anataka koti lake.

Usikate, alisema mama.