Mteremko

Unauliza nguvu zake. Farasi arobaini na tano,
kitabu kinasema, kile chenye mafuta kila ukurasa.
Mimi hao farasi nimewahesabu
hapa Garashi, jembe limezama kwenye udongo mweusi:
jua likiwa utosini hawazidi thelathini.
Waliobaki wamelala.

Silinda tatu. Dizeli.
Gia sita za mbele, mbili za nyuma,
na ya tatu huruka ukiishika kwa hasira;
ishike kama mkono wa mtoto anayetaka kulia.
Klachi tuliibadilisha mwaka wa njaa
kwa mbuzi wanne na kitanda.
Mbuzi walizaliwa wengine.

Rangi yake ilikuwa nyekundu.
Kwaruza kwa ukucha hapo chini ya bawaba, utaiona.
Mwaringa aliipaka buluu usiku mmoja
chama kilipotangaza kinakuja kuchukua trekta nyekundu.

Mita ya saa ilisimama
kwenye elfu nne mia nane na kumi na mbili.
Ilimtangulia mwenyewe. Tangu hapo tukahesabu hivi:
mahindi, pojo, mafuriko, mahindi.

Usilipige teke gurudumu.
Hilo la nyuma, la kulia, lina maji ndani.
Alilijaza kwa kikombe na faneli, siku nzima,
maji ya Sabaki, lipate uzito, lisiteleze topeni.
Ukiinunua, unanunua na mto kidogo.

Haidroliki huinua, kisha husahau.
Taa moja. Honi haina;
anayekutana nayo gizani huisikia kifuani.
Kiti kimeshika umbo la mtu mmoja mwembamba.
Wewe ni mpana. Utazoea.

Stata? Stata ilitushinda zamani.
Kwani wewe hukujiuliza
kwa nini tumejenga huku juu, kwenye mawe,
na bonde lile zuri tumeliacha tupu?
Huegeshwa hapa, pua ikitazama mto,
jiwe mbele ya gurudumu.
Alfajiri unatoa jiwe, unaiacha ishuke,
gia ya pili, unaachia klachi:
inakohoa, inakohoa,
ya tatu inaamka na kijiji kizima.

Laki mbili na nusu, taslimu. Nimesikia.
Na ni ya kuvuta chumvi, umesema, Gongoni.
Gongoni naijua.
Kule hata maji hukaa tu, hayajui pa kwenda,
mpaka jua liyaonee huruma.
Sasa niambie, baba,
asubuhi ya kwanza, jiwe umeshalitoa,
utaishusha wapi?