Herufi Isiyo na Sauti

Nilisikia gilasi kabla sijaiona.
Mlio mdogo, kama kijiko kikimkumbusha mtu jambo,
kisha chai yote, nyekundu, ya moto,
ikatandaa juu ya kibodi
ikazama katikati ya herufi
bila haraka, kama mgeni anayeijua nyumba.

Nilimfokea mama.
Naliandika hili kwanza, lisije likajificha
nyuma ya mambo niliyoyafanya vizuri:
nilichomoa waya, nikabana kitufe cha kuwashia
hadi kioo kikafa,
nikaipindua kompyuta juu ya taulo
ikasimama kama paa la hema, ikidondosha
tone, tone, hesabu za ushirika wa jibini,
maziwa ya Novemba, madeni ya Desemba,
na nje theluji ya Kars ikianguka bila kishindo.

Mama Sabiha alisimama na trei tupu.
"Nilete mchele? Nasikia mchele hunyonya."
Mchele ni wa pilau, nikamjibu.
Hilo nalo nililisema kwa ukali.

Bwana Cevdet wa duka la dawa akatupa spiriti,
ile kali, isiyochanganywa, na mswaki wa mtoto.
Aliuliza swali moja tu: ilikuwa na sukari?
Maji, alisema, hupita yakaaga.
Sukari huhamia.

Sukari.
Hapo ndipo nilipokaa kitini.
Maana mama hakorogi sukari kwenye chai.
Hung'ata donge, akalihifadhi shavuni,
akapitisha chai juu yake, kama wazee wote wa huku.
Anayetaka vijiko viwili, vikorogwe hadi viyeyuke,
ni mimi.
Ile chai ilikuwa inakuja kwangu.

Skrubu kumi na moja nilizipanga kwenye kisahani
kwa mpangilio zilivyotoka.
Mama alishika tochi. Mkono wake, ule uliotetemeka,
ulitulia kabisa ulipopewa kazi.
Nikasugua ubao wa ndani, wa kijani,
vijumba na vichochoro, mji mdogo
uliofurikwa na shira.
Hatukusemezana. "Hapa bado," alinong'ona mara moja,
na kweli, hapo palikuwa bado.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Ya chai tulizoa kiasi, kwa ncha ya mswaki.

Ililala siku mbili karibu na jiko la kuni, si karibu mno,
mama akimfukuza paka.
Siku ya tatu ikawaka.
Hesabu zote zipo, hata deni la watu wa Susuz
waliokuwa wameanza kutumaini.
Herufi moja tu haikurudi: ğ,
ile g yenye kikombe kichwani,
ambayo kwetu haina sauti yake;
kazi yake ni kurefusha irabu iliyoitangulia,
kumwambia jirani: kaa kidogo, usiondoke.

Kibodi mpya ni bei ya magurudumu mawili ya jibini. Itangoja.
Nikiihitaji ğ naenda kwenye faili la zamani,
barua ya pensheni ya baba,
naichukua katikati ya jina lake, Tuğrul,
naibandika ninapotaka,
na jina lake linabaki zima.

Mama bado huniletea chai.
Huiweka mbali, kwenye kingo ya dirisha,
halafu hukohoa,
nami huinuka kuifuata.