Siguro

Gumaca, siku ya tisa baada ya tufani.
Aling Perpetua anakanda unga chini ya turubai,
maana paa la duka lake la mikate
lilionekana mara ya mwisho likivuka barabara
saa nane usiku, bila kuaga.

Mezani, chini ya kopo la chumvi isipeperuke,
ipo karatasi ya bima. Kwao bima ni seguro.
Ina muhuri, ina saini mbili,
na jina la marehemu mumewe limekosewa herufi moja.

"Watalipa?" anauliza Dalisay, bintiye.
Mama hainui macho kwenye unga.
"Siguro."
Yaani huenda. Yaani usikope mabati.

Neno ni lile lile. Limepasuka kama yai.

Kwa Kilatini lilikuwa mtu asiye na wasiwasi,
kalala, mlango wazi, mbwa kanyamaza.
Wahispania wakalifanya hakika,
wakalipakia merikebuni pamoja na misumari na misalaba,
wakalishusha visiwani likiwa zima.
Nani alilitia ufa?
Kamusi haisemi. Nadhani mimi
ni wale walioambiwa seguro na karani wa kodi,
seguro na mwenye shamba,
wakangoja msimu, wakangoja wa pili,
kisha wakaanza kulirudisha kwa upole
kama walivyolipokea: gumu nje, ndani tupu.

Au sivyo. Au ni adabu tu:
asemaye hakika kamfungia Mungu mlango.

Usicheke. Nasi tunalo letu.
Waarabu walisema la budda, hakuna pa kukwepea.
Tukalipokea kwa mikono miwili.
Nusu yake, budi, ingali imekaza:
sina budi, huna budi.
Nusu ya pili ililala kinywani mwetu usiku mmoja
ikaamka labda.

Alasiri mtu wa bima anafika kwa pikipiki,
viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.
Anapiga picha mahali paa lilipokuwa:
mawingu matatu na waya wa umeme.
"Sigurado," anasema. Wamelazimika kulirefusha neno
ili lisimame tena. "Sigurado, wiki ijayo."

Aling Perpetua anamfungia mikate sita ya moto,
anafikiri, anaongeza wa saba.
Pikipiki inapokata kona
anamwita Dalisay ashike ngazi,
na turubai analitia kamba nyingine.